Kupitia kwa Mkurugenzi

Semina ya uongozi ilifanyika siku ya Jumatatu katika ukumbi wa halmashauri moja ya mkoa wa Singida. Jina la halmashauri hiyo halitatajwa, waliomo wanajijua. Wakuu wa idara na vitengo walikuwa kumi na wanne. Walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa nusu duara, kwa kuwa mkufunzi alisema nusu duara huvunja ukuta kati ya watu, na kila mmoja alikuwa na jiwe mapajani. Mawe hayakuwa ya semina. Katika ofisi zile upepo huingia madirishani kuanzia Juni hadi Oktoba bila kubisha hodi, na kila mtumishi ana jiwe lake la kuzuilia karatasi, ambalo huenda nalo kikaoni pamoja na kalamu.

Mkufunzi aliitwa Derick. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alitoka Dar es Salaam na projekta yake mwenyewe, na alijitambulisha kuwa kocha wa uongozi. Alitembea huku na huko mbele yao akiwaambia kwamba kiongozi hazaliwi, wala hateuliwi, bali hujiteua mwenyewe moyoni. Watumishi waliandika maneno hayo kwenye madaftari waliyogawiwa. Wengine waliyapigia mstari.

Katika kiti cha tatu kutoka mlangoni alikaa Dorkas Msengi, mwenye miaka arobaini na saba, Kaimu Mkuu wa Idara ya Kilimo na Mifugo. Kukaimu ni kumshikia mtu nafasi kwa muda mpaka mwenyewe apatikane. Dorkas alikuwa ameshika kwa miaka tisa. Wakurugenzi watatu walikuwa wamepita, na wote walimwambia kwamba jina lake liko mezani, avute subira kidogo. Meza hiyo Dorkas aliifahamu vizuri, kwani mara nyingi alikuwa ameipangusa vumbi kwa kiganja akisubiri sahihi. Jina lake hakuwahi kuliona.

Wiki hiyo alikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Kampuni moja ya mbegu za alizeti ya Dodoma ilikuwa imempigia simu na kumpa kazi ya kuongoza shughuli zake zote za mashambani, cheo kamili tangu siku ya kwanza, bila kukaimu. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Scola wa masjala, ambaye hutunza siri kama anavyotunza majalada, yaani kwa kufuli.

Mchana Derick aliwapa zoezi. Kila mtu aandike barua kwa nafsi yake ya miaka kumi ijayo, aiulize lolote, kisha barua zote zitiwe kwenye bahasha moja kubwa na kufungwa. Watu waliinama. Mtu wa ujenzi aliuliza kama nyumba yake ya Singida mjini ilikwisha kupauliwa. Mtu wa fedha alijichorea moyo na kuandika kwamba anajipenda. Dorkas alikaa na karatasi tupu kwa dakika kumi. Kwa miaka ishirini na miwili ya utumishi hakuwa ameandika barua isiyo na kumbukumbu namba, na mkono haukujua pa kuanzia. Mwishowe aliandika kama alivyozoea. Alianza na anwani, akafuatisha tarehe, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa: YAH: KUOMBA KUJUA HALI YANGU.

"Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu," aliandika. "Mimi ni mtumishi mwenye jina na cheo kama vinavyoonekana hapo chini. Naomba kujua kama nimethibitishwa. Aidha, naomba ushauri kuhusu nafasi ya Dodoma. Naomba kuwasilisha."

Barua ya mtumishi haiendi popote bila kupitia kwa mkuu wa idara yake, na mkuu wa idara ya Dorkas, kwa kukaimu, alikuwa Dorkas. Kwa hiyo aliandika pembeni: "Imepitishwa. Mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu." Akatia sahihi. Katika miaka tisa hayo ndiyo yalikuwa maneno mazuri ya kwanza kuandikwa juu yake kwenye karatasi ya serikali, na aliyasoma mara mbili kabla ya kukunja.

Hapo ndipo alipokosea, ikiwa ni kosa. Wenzake walitia barua zao kwenye bahasha ya Derick. Yeye alikwenda na yake masjala. Scola aliigonga muhuri, akaipa namba, akaiingiza kwenye rejesta ya barua zinazotoka.

"Anwani?" aliuliza Scola.

"Hapa hapa. Miaka kumi."

Scola aliandika hivyo na kuitupia kwenye mfuko wa barua za jioni, ambao huenda na basi.

Jumanne saa nne asubuhi mwanamke mmoja alishuka kwenye bajaji getini. Mlinzi, mzee Yeremia, alimpa kitabu cha wageni. Aliandika jina: Dorkas Msengi; atokako: hapa; shughuli: kikazi. Mzee Yeremia aliulinganisha mwandiko na wa watumishi waliosaini asubuhi, akaona ni ule ule, akafungua geti. Alimuuliza tu kama bei ya alizeti itapanda. Mwanamke akasema amekuja na barua, hana habari za sokoni.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alivaa miwani, mtandio wa kijivu, na viatu vya kahawia vya kisigino kifupi vilivyomkaa sawasawa. Mlango wa masjala hukwama, na mgeni yeyote huusukuma mara tatu. Yeye aliuinua kidogo kwa kitasa kabla ya kusukuma, nao ukafunguka. Scola alimwangalia, akavuta rejesta ya barua zinazoingia.

"Umekuja kujibu ile ya jana," alisema Scola.

"Barua rasmi haiachwi bila kujibiwa. Nimeona nilete kwa mkono, maana posta wanachelewesha."

Bahasha ilikuwa ya khaki, imefungwa kwa gundi, na juu yake palikuwa na neno SIRI. Chini ya neno hilo palikuwa na anwani: Bi. Dorkas Msengi, kupitia kwa Mkurugenzi Mtendaji. Scola aliipokea kwa sahihi, akaitia kwenye jalada la barua za kuingia, na jalada likapelekwa kwa Mkurugenzi kabla ya saa tano.

Dorkas aliitwa. Alipoingia na kumkuta mgeni amekaa kwenye benchi, alijitambua mara moja, kama mtu anavyoutambua mwavuli wake aliokuwa amemwazima mtu. Alitazama nywele zenye mvi, akatazama mikono. Kisha, kwa sababu mwanamke yule alimzidi miaka kumi, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema yule mwanamke. "Umekonda."

Watumishi walianza kumwita Mama Mkubwa kuanzia chai ya saa nne na nusu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwaita watu wawili jina moja. Mtu wa utumishi aliuliza kama kuna fomu ya mgeni wa namna hiyo. Hapakuwa na fomu, basi akaacha.

Mkurugenzi aliitwa Calist. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wafagizi, alihudhuria misiba, na hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Tabia yake moja ni kwamba barua alizozikusudia kuzisoma kwa utulivu aliziweka chini ya chupa yake ya chai, ili upepo usizichukue, kisha utulivu haukuja. Bahasha ya khaki iliwekwa hapo siku hiyo hiyo ya Jumanne.

Jioni Dorkas alikwenda nyumbani na Mama Mkubwa. Dorkas ni mjane. Aliishi na binti yake, Hana, aliyekuwa likizo ya chuo. Hana alitoa shikamoo, akaongeza sahani. Walikula ugali wa mtama na mlenda. Baada ya kula Hana alileta maji ya moto yenye chumvi kwenye beseni, maana Mama Mkubwa alipovua viatu miguu ilionekana imevimba hadi kwenye vifundo. Kwenye mguu wa kushoto palikuwa na kovu la jembe. Dorkas alilipata akiwa na miaka tisa, shambani kwa mama yake kule Kinyangiri. Alivuta sketi yake kufunika lake.

"Mama Mkubwa," Hana aliuliza, "mimi nimeolewa?"

"Mwanangu, nimekuja na barua moja tu."

Hana alipokwenda kuosha vyombo, Dorkas alisogeza kigoda. Aliuliza kwa Kinyiramba, lugha ambayo haina muhuri wala kumbukumbu namba, na ambayo ndani yake watu wa nyumba moja hawafichani. Aliuliza swali moja tu: nimethibitishwa? Mama Mkubwa alitazama maji, akisugua kidole gumba cha mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine. Kisha alijibu kwa Kiswahili.

"Suala lako limejibiwa kwa barua. Barua iko kwa Mkurugenzi."

Dorkas aliumia. Aliumia hasa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewajibu wakulima maneno hayo hayo kwa miaka mingi, wakiwa wamesimama mbele ya meza yake na kofia mikononi, na hakujua jinsi yanavyouma.

Jumatano Mama Mkubwa hakuweza kukaa bure. Alichukua ufunguo wa kabati nyuma ya saa ya ukutani, mahali ambapo ufunguo ule umekaa siku zote, akatoa taarifa ya robo mwaka iliyokuwa imekwama. Takwimu za majosho kutoka kata za bondeni zilikuwa bado hazijafika. Alizijaza kwa kumbukumbu. Alijaza pia idadi ya ng'ombe ambao wangekufa kwa ndigana kufikia mwisho wa mwezi, akaweka nukta, akaifunga taarifa kwa pini. Zilipofika takwimu kutoka kata, wiki mbili baadaye, zilikuwa sawa hadi ndama wa mwisho. Mkurugenzi aliisifu taarifa hiyo kwenye kikao. Alisema ndiyo faida ya kuwa na watu wazoefu.

Siku hiyo hiyo Derick alianza mazungumzo ya ana kwa ana. Alikuwa amepewa chumba kidogo kinachotazamana na korido, na kila mkuu wa idara alipewa nusu saa. Dorkas aliingia baada ya chakula cha mchana, akaweka jiwe lake juu ya karatasi za kocha ili zisipeperuke, na Derick akamshukuru.

"Nimesoma wasifu wako, Madam," alisema Derick. "Miaka tisa unakaimu. Unajisikiaje?"

"Nimechoka."

"Safi. Tuanzie hapo. Kwa nini unadhani hujathibitishwa?"

"Hawajaniandikia barua."

Derick alitabasamu kwa upole. Alimweleza kwamba tatizo mara nyingi si cheo, ni mtazamo. Kwamba cheo ni karatasi tu, na kwamba aliyekomaa huongoza akiwa popote alipo, hata kama hajapewa jina. Alimwambia ajiulize ni nini ndani yake kinachowafanya wakubwa wasimwone. Dorkas alijiuliza kwa uaminifu, kwa kuwa ni mtu wa kutii. Alipata makosa matatu au manne ndani yake, hakuna hata moja lililotosha miaka tisa.

"Na sasa swali langu kubwa," alisema Derick. "Unajiona wapi baada ya miaka kumi?"

Dorkas aligeuka, akanyoosha kidole kwenye korido.

"Yule pale," alisema. "Kwenye benchi."

Derick aliinuka kidogo kutazama. Mama Mkubwa alikuwa amekaa na mkoba mapajani, amevua kiatu kimoja, anakanda mguu. Kocha alimtazama kwa makini ya mtu wa fani yake, akaandika.

"Ana utulivu," alisema. "Nimeona pia anafika mapema kazini. Watu wengi, Madam, hawajioni kabisa. Wewe umejiona. Hiyo ni hatua kubwa sana."

Alimpa karatasi yenye malengo matano ya kujaza, nusu saa ikawa imekwisha.

Alhamisi Dorkas alikwenda masjala na kujifungia na Scola. Aliuliza kama hakuna njia ya kuiona barua. Scola alisema kuiona barua ya SIRI kabla haijapita ni kosa la kinidhamu, na kwamba hata hivyo haoni sababu ya kuisoma.

"Dada Dorkas, tumia akili," alisema. "Ulisoma juu ya bahasha? Imeandikwa kupitia kwa nani?"

"Mkurugenzi."

"Mtu aliyeacha kazi anapitia kwa Mkurugenzi kutafuta nini? Angekuwa wa Dodoma angekutumia meseji."

Scola akafungua rejesta, akamwonyesha mstari wa Jumanne, sehemu ya cheo cha mleta barua. Mama Mkubwa alikuwa ameijaza kwa mkono wake: Kaimu Mkuu wa Idara. Tisa na kumi ni kumi na tisa. Dorkas alifunga rejesta taratibu.

"Inaweza kuwa idara nyingine," alisema.

"Inaweza," alisema Scola, na macho yake yalikuwa na huruma.

Kutoka hapo alikwenda kwa Mkurugenzi. Bahasha ilionekana pale pale, ukingo umechungulia chini ya chupa, tayari ina duara la chai. Alisimama mbele ya meza na kueleza kwamba kuna jambo linalotegemea barua ile, na kwamba mwisho wa jambo hilo ni kesho saa sita. Jambo lenyewe hakulitaja. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa ameegemea kiti, mikono imepumzika tumboni.

"Barua ya miaka kumi ijayo haina haraka, Madam," alisema. "Niachie, nitaipitia kesho asubuhi. Halafu, jina lako liko mezani. Nilikuwa nalifikiria juzi juzi hapa."

Dorkas alishukuru. Alichukia kwamba alishukuru, lakini neno lilikuwa limeshatoka, tena na kichwa ameshainamisha.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mkurugenzi alipigiwa simu kutoka mkoani na kuondoka kwenda Singida mjini kwenye kikao. Alifunga ofisi kwa ufunguo, akaenda nao. Kupitia kioo cha mlango ziliweza kuonekana meza, chupa ya chai, na kona ya bahasha.

Dorkas na Mama Mkubwa walikaa kwenye benchi la korido tangu saa tatu. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Mabati yalipiga kelele na mavumbi mekundu yakaingia chini ya milango. Waliopita walisema habari za asubuhi na kuendelea na kazi zao. Saa nne Hana alileta chai na mihogo, akawaachia.

"Ruhusa yangu inaisha leo," alisema Mama Mkubwa. "Nilipewa siku nne."

"Nani alikusainia?"

"Mkurugenzi."

"Yupi?"

"Wa tano tangu huyu."

Dorkas alihesabu mihogo iliyobaki. Kulikuwa na swali lingine, na alilizungushazunguka kabla ya kulitoa.

"Wewe ulipokuwa mimi, alikuja mtu?"

"Alikuja."

"Alikaa wapi?"

"Hapa hapa. Alivaa viatu kama hivi."

"Ukafanya nini?"

Mama Mkubwa alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba alitaka kusema, maana mishipa ya shingo ilisimama na mkono wake ukamshika Dorkas paja kwa nguvu. Lakini alikuwa na utumishi wa miaka thelathini na miwili. Mkono ukalegea.

"Hilo liko kwenye barua," alisema.

Saa tano na dakika hamsini simu ya Dorkas ilipigwa. Alikuwa Rebeka wa kampuni ya Dodoma, sauti changamfu, nyuma yake watu wanacheka. Alisema mkataba uko tayari, wanasubiri neno moja tu, hata kwa simu inatosha, karatasi zitafuata.

Hapa watu wengi waliosikia habari hii baadaye humlaumu Dorkas, na wana haki ya kumlaumu. Jibu lilikuwa limekaa karibu naye likinuka dawa ya kuchua miguu. Lilikuwa limelala nyumbani kwake usiku tatu na kula mlenda wake. Lakini Dorkas, katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kutekeleza jambo kwa barua ambayo haijapitishwa. Aliogopa pia. Aliogopea mafao yake, aliogopa kuwa mgeni kazini akiwa na miaka arobaini na saba, na zaidi ya yote aliogopa kwamba angeondoka leo halafu wiki ijayo wamthibitishe. Miaka tisa si kitu cha kumwachia mtu mwingine akae juu yake.

"Naomba mpaka jioni," alisema. "Kuna barua naisubiri."

"Dada yangu," alisema Rebeka, "sisi hatuna barua. Tuna nafasi, na kuna mtu wa pili yuko hapa nje."

"Mpaka saa tisa tu."

"Saa sita, dada. Nilishakueleza."

Dorkas alishika simu sikioni muda mrefu baada ya Rebeka kukata. Saa ya ukutani, ile yenye ufunguo nyuma yake, ilifika saa sita, ikapita. Mama Mkubwa alijifunika uso kwa mtandio na kulia. Alilia kwa kwikwi, kama watu wanavyolia msiba wa mbali ambao habari yake wanaijua tangu zamani. Dorkas alimshika bega. Alitaka kumwambia pole, akaona haya.

Saa nane Mama Mkubwa alivaa viatu. Alisema ana taarifa ya robo mwaka inamsubiri mezani kule, na kwamba idara haina mtu wa kumkaimu. Alimuaga Scola, alimuaga mzee Yeremia, akasaini kitabu cha wageni sehemu ya kutoka. Derick, aliyekuwa akipakia projekta yake kwenye gari, aliomba kupiga naye picha pamoja na Dorkas kwa ajili ya slaidi za semina zijazo. Walisimama wote watatu mbele ya bendera. Kisha Mama Mkubwa akapanda bajaji, na vumbi likamfunika kabla hajafika barabarani.

Bahasha ilitoka kwa Mkurugenzi wiki ya tatu, siku chupa ya chai ilipobadilishwa. Pembeni palikuwa na maelekezo yake kwa kalamu ya kijani: "Kaimu Mkuu wa Idara, kwa taarifa." Scola aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akatoka na kufunga mlango pole pole. Dorkas aliweka jiwe lake pembeni, akachana bahasha kwa rula.

"Tafadhali rejea barua yako kuhusu somo tajwa hapo juu," ilisema. "Hapana. Usisubiri barua hii. Ijumaa saa tano na dakika hamsini Rebeka atakupigia simu. Mwambie ndiyo. Nakutakia kazi njema."

Chini palikuwa na sahihi yake, na chini ya sahihi cheo chake.

Aliisoma mara mbili. Alitazama nje, ambako upepo ulikuwa unazungusha mfuko wa plastiki uwanjani. Alikuwa na hasira, na hakupata mtu wa kumpa. Kisha, kwa kuwa barua rasmi haikai mezani, aliipeleka masjala. Scola aliipa namba ya ukurasa na kuitia kwenye jalada lake binafsi, nyuma ya nakala ya ile aliyoiandika yeye, na kulifunga kwa kamba.

Kwenye korido alikutana na Mkurugenzi, akiwa na chupa mpya. Mkurugenzi aliuliza kama ile barua ilikuwa na habari njema. Dorkas alisema ilikuwa ya kawaida.

"Endelea kutushikia idara, Madam," alisema Mkurugenzi. "Tunakutegemea. Jina lako liko mezani."

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Dorkas alikwenda na Hana kununua vitunguu, na waliporudi walipita kwenye mstari wa viatu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai. Aliokota pea moja ya kahawia, ya kisigino kifupi. Alivaa, akatembea hatua tatu, vikampwaya.

"Mama, hivyo vikubwa," alisema Hana. "Mwambie akupe namba saba."

"Miguu itavimba," alisema Dorkas.

Alimwambia muuzaji amfungie. Nyumbani alivitia magazeti ndani visipoteze umbo, akaviweka juu ya kabati.